Picha ya Bismini na majina yasiyoandikwa

Ukiagana na mtu kukutana Posta, Dar es Salaam, huna haja ya kumtajia jengo wala duka. Unamwambia "pale Sanamu ya Askari" na anafika. Nimesubiri watu wengi pale, wa kazi na wa nyumbani, jua likinichoma kisogoni, na kwa miaka mingi sikuwahi kuvuka barabara nisome kilichoandikwa chini ya miguu yake. Askari amesimama katikati ya kipilefti cha Mtaa wa Samora, bunduki mbele, singe imeelekea bandarini, na magari yanamzunguka kutwa. Anayetaka kumfikia lazima akatize foleni. Wachache hufanya hivyo.

Mimi nilikatiza mwaka aliofariki bibi yangu.

Msibani, kabla ya kwenda makaburini, ulisomwa wasifu wa marehemu kama ilivyo desturi. Mzee mmoja wa ukoo alisimama na karatasi yake, akataja mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria, watoto, wajukuu, vitukuu, na alipofika kwa wazazi akasema bibi alikuwa binti wa fulani, "aliyekwenda kubeba vita ya Mjerumani asirudi." Akaendelea. Sentensi moja, basi. Mimi nilikuwa nimeisikia toka utotoni kwa namna fupi zaidi, kwa sababu bibi mwenyewe alipoulizwa habari za baba yake alijibu tu, "Alikwenda kubeba." Hakusema kubeba nini, wala kupeleka wapi. Sisi watoto wa Ugogo tuliokulia mjini tulidhani ni kazi ya kuli, kama ile ya bandarini. Siku ile ya msiba ndipo maneno mawili yalipokutana kichwani mwangu, kubeba na vita, na wiki mbili baadaye nilipokuwa Posta nikaamua kuvuka.

Kibao kina Kiingereza, kina Kiswahili, na kina herufi za Kiarabu kwa ajili ya waliosoma chuoni. Maudhui yake ni kwamba huu ni ukumbusho wa askari Waafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa watu wengine wote waliotumika wakafa Afrika Mashariki katika vita kuu ya 1914 hadi 1918. Kisha linakuja neno la mwisho, ambalo ndilo limenifanya niandike makala hii: kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wana wako watalikumbuka jina lako.

Nilizunguka pande zote nne nikitafuta majina. Hakuna hata moja.

Nataka kwanza niitendee haki sanamu yenyewe, maana ni kazi nzuri na sipendi kuipita haraka. Iliyoichonga ni mikono ya Mwingereza James Alexander Stevenson, aliyezoea kutia kazi zake sahihi ya Myrander. Ilisubiwa kwa shaba nyeusi huko Uingereza, ikaonyeshwa London kabla ya kupakiwa melini, na ikazinduliwa hapa mwaka 1927. Mtu wa kawaida aliyezoea kuona sanamu za vita za Ulaya atashangaa kwa yale ambayo hayapo: farasi hayupo, jenerali hayupo, malaika mwenye mbawa hayupo. Yupo kijana mmoja wa Kiafrika katika sare ya KAR (King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza), kaptura na vitambaa vya kuzungushia miguu, ameinama kidogo kwenda mbele, uzito wote uko kwenye mguu wa mbele, kama mtu aliyesikia kitu kichakani. Hasimami kikakamavu kama mlinzi wa lango, yuko kazini. Misuli ya vigimbi vya miguu imechongwa na mtu aliyetazama kwa makini jinsi mwili wa mtembezi unavyokuwa.

Ili uone ukubwa wa jambo hilo kwa mwaka ule, inabidi ujue sanamu iliyotangulia mjini humu. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu ya Hermann von Wissmann, yule aliyekuja kuivunja vita ya Abushiri na baadaye akawa gavana. Wissmann alisimama juu kabisa, mkono kwenye upanga, macho yanatazama mbali. Chini yake alikuwapo askari Mwafrika, na simba aliyelala ameuawa, na bendera ya Kijerumani imemfunika yule simba. Askari yule alikuwa amenyanyua uso anamtazama bwana wake. Kazi yake yote katika sanamu ile ilikuwa kutazama juu.

Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa, ikasafirishwa hadi London, kisha Wajerumani wakarudishiwa na kuisimamisha Hamburg mwaka 1922, mbele ya chuo kikuu. Pale wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka uliofuata, na safari hiyo haikusimamishwa tena. Kwa hiyo weka picha hizo mbili kichwani: askari wa 1909 aliyeko chini ya buti la Mzungu, na askari wa 1927 aliyeko peke yake juu ya jukwaa lake, hamtazami mtu. Sijui Stevenson aliwaza nini, lakini mimi ninapopita pale naona shingo iliyonyooka, na najua shingo iliyotangulia ilikuwa imepindwa.

Ajabu ni kwamba wenyeji wa mji waliendelea kumwita askari huyu mpya kwa jina la kale. Wazee wa Dar es Salaam, wale wa Gerezani na Kariakoo, waliiita Picha ya Bismini. Katika neno hilo mimi namsikia Wissmann mwenyewe, aliyepita katika vinywa vya watu wa pwani akatoka hivyo. Barabara ilibadilika jina kutoka Acacia Avenue ikawa Independence, ikawa Samora. Mjerumani alikwishaondolewa zamani, mwili wake wa shaba uko Hamburg, lakini jina lake lilibaki limeng'ang'ania mahali palipowekwa ukumbusho wa watu ambao majina yao hayakuandikwa. Kila nikilifikiria hilo nashikwa na huzuni. Wissmann alikumbukwa bila hata kukusudiwa.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya kibao. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Kiingereza wa zama zile. Kipling hakuwa mtu wa kuandika kwa mbali tu. Mwanawe wa pekee wa kiume, John, alikufa Ufaransa katika mapigano ya Loos mwaka 1915, akiwa na miaka 18, na mwili wake haukujulikana ulipo baba yake akiwa hai. Baba yule alimtafuta mwanawe kwa miaka, akihoji askari waliokuwa naye. Akaingia katika Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa 1917, na ndiye aliyewachagulia, kutoka Maandiko, maneno yanayochongwa kwenye mawe ya makaburi makubwa ya vita duniani, kwamba majina yao yataishi milele. Jina la John likaandikwa ukutani Loos. Mwaka 1992 Tume ikatangaza kwamba kaburi lake limetambuliwa.

Na Tume hiyo ilikuwa na kanuni nzuri, naisema kwa moyo wote kuwa ni nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, ama kwenye kaburi ama kwenye ukuta; mawe yafanane; pasiwe na tofauti ya cheo, taifa wala dini. Mtoto wa lodi na mtoto wa mchimba makaa walale chini ya jiwe la kipimo kimoja. Kanuni hiyo ilifuatwa Ufaransa na Ubelgiji. Ilipofika kwetu ikasimama. Hapa Mwafrika angekumbukwa kwa jumla, kwa sanamu moja mjini. Mtu aliyejua kwa uchungu wake mwenyewe thamani ya jina lililoandikwa, ndiye aliyetunga sentensi ya kuwaambia wengine kwamba majina yao watayakumbuka watoto wao.

Kwa nini wapagazi hasa? Kwa sababu vita hii ilipiganwa mahali ambapo mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu, barabara hazikuwapo, na reli iliishia mahali fulani. Jenerali wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, aliwavuta Waingereza kutoka Kilimanjaro hadi Rufiji, akavuka Ruvuma akaingia Msumbiji, akarudi, akaja kusalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, majuma mawili baada ya vita kwisha Ulaya. Kila risasi na kila kibaba cha unga kilichofuata njia hiyo kilikuwa kichwani mwa mtu. Mzigo wa ratili 50 hadi 60, siku baada ya siku, kwenye tope la Rufiji. Walilishwa unga wa mahindi ambao haukuiva, wakiwamo watu waliozoea mtama, ndizi au wali, na tumbo la kuhara damu likawaua wengi kuliko risasi. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi karibu milioni moja kwa jumla, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na hapa Tanganyika baada ya kutekwa. Mwaka 1917 watu walikamatwa kwa nguvu kijiji kwa kijiji. Makadirio ya watafiti kwa waliokufa yanakaribia laki moja.

Wapagazi na askari wa upande wa Mjerumani hawamo hata katika hesabu hiyo, na kibao cha Posta hakiwahusu. Wao hawana sanamu. Mambo haya hayakuwa na mpaka ulio wazi kama ramani: kikosi cha 6 cha KAR kiliundwa na watu waliokuwa askari wa Mjerumani, wakatekwa, wakavalishwa sare nyingine. Mtu yuleyule, vita ileile, na kukumbukwa kwake kulitegemea alikufa akiwa amevaa kofia ipi.

Kwetu Ugogo kilichofuata kinaitwa Mtunya. Majeshi yote mawili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume, kisha mvua ikakosa, na njaa ikaua watu kati ya 1917 na 1920. Bibi alizaliwa katika miaka hiyo. Babu mkuu, baba yake bibi, alikwenda kubeba chakula cha jeshi, na nyumba aliyoiacha ikabaki haina chakula. Siwezi kuandika zaidi ya hapo bila kubuni, na sitaki kumbunia.

Kambi ya wapagazi mjini Dar es Salaam ilikuwa kwenye jengo la soko ambalo Wajerumani walilijenga wakalikosa kulitumia. Waingereza waliwaweka humo watu wa Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na ulimi wa Kiswahili ukafanya kazi yake: Kariakoo. Nairobi kuna Kariokor, neno hilohilo. Watu huniambia kwamba hilo ndilo kumbukumbu kubwa kuliko sanamu yoyote, kwamba kila siku maelfu wanataja wapagazi bila kujua. Zamani nilikubali. Siku hizi sikubali sana. Jina la kikosi lilibaki, na mitaa yake inauza kanga na simu, lakini jina la kikosi si jina la mtu. Mtu anayesema "naenda Kariakoo" hamkumbuki yeyote, na sioni sababu ya kumlaumu.

Nairobi nilikwenda miaka michache iliyopita kikazi, nikaiomba saa moja ya kwenda Kenyatta Avenue. Pale Stevenson huyohuyo alisimamisha watu watatu, mwaka 1928, na mmoja wao ni mpagazi. Yuko juu, kwenye jukwaa moja na wenye bunduki. Ya tatu iko Mombasa. Kwa upande wa usanifu mimi naona ya Nairobi inasema kweli zaidi kuliko yetu, hata kama ya Dar es Salaam ni nzuri zaidi kuitazama. Kwetu maneno yanasema wapagazi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini aliyesimama juu ni mmoja tu, na miguu na mikono tunayoiona ni ya mwenye bunduki. Nilikaa mbele ya yule mpagazi wa Nairobi muda mrefu. Hakuwa na sura ya mtu wa kwetu, lakini nilimwamkia. Shikamoo, nilisema, kwa sauti ya chini kwa sababu palikuwa na watu.

Sehemu nyingine ya habari hii iko kwenye makaburi ya vita, barabara ya kwenda Bagamoyo. Ni mahali pasafi, majani yamekatwa, mawe yamepangwa safu. Makaburi 660 ya vita ya kwanza yalihamishiwa pale mwaka 1968 kutoka Ocean Road ili kupisha ujenzi wa barabara mpya. Wenye mawe walihamishwa na mawe yao. Wale wa viwanja vya Waafrika, Wakristo, Waislamu na wengineo, hawakuwa wamewekewa alama ya mtu mmojammoja, kwa hiyo walizikwa upya pamoja, na kila kaburi la pamoja likawekewa ukuta. Humohumo kuna Ukumbusho wa Waingereza na Wahindi wenye majina zaidi ya 1,500 ya waliokufa bila makaburi yao kujulikana. Kwa hiyo kukosa kaburi hakukuwa sababu ya kukosa jina. Kuhusu makaburi ya wapagazi, msimamo wa utawala wa kikoloni wa Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1920 ulikuwa kwamba yaachwe yarudie kuwa pori upesi iwezekanavyo. Yakaachwa. Mishahara ya maelfu ya waliokufa nayo haikuwafikia jamaa zao.

Aprili 2021 Tume, ambayo leo ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti iliyokiri haya yote na kuomba radhi. Ilisema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Nilisoma habari ile kwenye simu nikiwa kwenye daladala, nikapitiliza kituo.

Kinachonipa moyo ni kilichofanyika Cape Town. Januari 2025 ulizinduliwa pale ukumbusho wa Waafrika Kusini weusi 1,772 waliotumika bila silaha katika vita ya kwanza wakafa bila kaburi linalojulikana. Hakuna shaba wala bunduki. Kila mtu amewekewa nguzo yake ya mbao, na jina lake juu yake, na mbao zenyewe ni iroko, mti ambao sisi tunauita mvule. Mtu aweza kutembea katikati ya nguzo akagusa moja. Nilipoona picha zake niliwaza kwamba mvule tunao, na mafundi tunao.

Taifa letu lina siku ya kuwaenzi mashujaa, tarehe 25 Julai. Rais huweka mkuki na ngao kwenye mnara, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya upinde na mishale, na mzee anayewakilisha wapiganaji wa zamani huweka shoka. Naipenda sherehe ile kuliko sherehe yoyote ya serikali, kwa sababu vifaa vyake ni vyetu na havina haja ya maelezo. Kila mwaka nikiangalia kwenye televisheni natamani kingeongezwa kimoja: kata. Ngata, wengine wanaiita, ule mviringo wa kitambaa au majani unaowekwa kichwani kabla ya kujitwisha mzigo. Mtu mmoja tu ailaze pale na shoka.

Nyumbani kwetu jina la babu mkuu halikupotea. Bibi alimpa mwanawe wa kwanza, baba yangu mkubwa, na alipozaliwa kaka yangu likamwangukia yeye pia. Kwa sababu hiyo baba hamwiti kaka kwa jina lake, kwa heshima ya mwenyewe, humwita Babu. Nasi wadogo zake tukafuata, ingawa alikuwa mtoto mwenzetu tuliyegombania naye kitanda. Hata kwenye kumchapa, mama alimwambia, "Babu, nyoosha mkono."

Mwaka jana baba alikuja mjini kwa matibabu ya macho. Tulipotoka hospitali nilimpeleka Posta, nikamvusha barabara nikiwa nimemshika mkono, na madereva, Mungu awabariki, wakasimama. Macho yalikuwa bado na dawa, hivyo nilimsomea kibao neno kwa neno. Nilipofika mwisho, kwenye wana kulikumbuka jina, aliniuliza, "Sasa majina yako upande gani?" Nikamwambia hayapo. Hakuniamini. Alizunguka sanamu taratibu, kiganja kimegusa jiwe, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, akirudia kwa vidole mahali palipokuwa laini. Kisha akatoa simu mfukoni, akanipa nimtafutie namba ya kaka, aliyekuwa aje kutuchukua na gari.

"Babu," akasema kwenye simu, "uko wapi?"

Alisikiliza kidogo. Akanigeukia akasema yuko Kariakoo, foleni haitembei, tumsubiri.